Uzi: Kwa nini baadhi ya vitwitwi hubaki pwani yetu wakati wenzao wamekwenda kutaga Siberia? Tutazame mdomo, bawa na firigisi

Kupwa na Kujaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mara nyingi humu jukwaani nimesoma maelezo mafupi yanayosema kwamba ndege wa pwani wenye miguu mirefu huja kwetu kukimbia baridi ya Ulaya na Asia, kisha hurudi kwao baridi inapokwisha. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha jambo moja ambalo yeyote anayeishi karibu na matope ya bahari amelishuhudia. Mwezi wa Juni na Julai, kusi likiwa limeshika kasi, na kule Siberia jua halizami, bado utawakuta vitwitwi kadhaa wametawanyika kwenye matope yetu wakidonoa kama kawaida, ilhali wenzao wa aina ileile wanalalia mayai zaidi ya kilomita 9,000 kutoka hapa. Ikiwa ni baridi peke yake inayowaleta, hawa wamebaki kufanya nini?

Hoja yangu ni kwamba jibu limo mwilini mwa ndege mwenyewe. Msimu huja kwa wote kwa pamoja, lakini nani ataondoka, lini, na hadi wapi, huamuliwa kwa kiasi kikubwa na urefu wa mdomo, umbo na hali ya bawa, ukubwa wa firigisi, na mafuta aliyoyahifadhi chini ya ngozi. Ndege wawili wa aina moja, waliosimama kwenye fungu moja la mchanga, wanaweza kuwa na safari mbili tofauti kabisa kwa sababu ya tofauti ya milimita chache.

Nieleze nilivyoanza kuelewa. Miaka kadhaa iliyopita nilijitolea kwa usiku chache kuwasaidia watu waliokuwa wakiwavisha ndege pete katika hori la Mida, kusini mwa Malindi. Nyavu nyembamba hutandazwa wakati wa giza, maji yanapojaa na kuwafukuza ndege kutoka matopeni. Kila ndege aliyenaswa alitiwa kwenye mfuko mdogo wa kitambaa na kupimwa uzito. Mdomo ukapimwa kwa kalipa, na bawa likanyooshwa juu ya rula. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kuandika tarakimu. Ulikuwa mwezi wa Aprili, na wengi wa ndege hao walikuwa *Calidris ferruginea*, kitwitwi mwenye mdomo mweusi uliopinda kidogo kwa chini, ambaye hutaga katika tundra (nyika baridi isiyo na miti) ya kaskazini mwa Siberia, hasa rasi ya Taimyr. Mmoja wa wapimaji alimlaza ndege chali kiganjani, akampulizia manyoya ya kifua yakafunguka, akaniambia niangalie. Ngozi ilikuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia vitumbua, na chini yake, kuanzia kishimo cha mtulinga hadi tumboni, palikuwa na tabaka la mafuta ya manjano, mfano wa samli iliyoganda. Manyoya yenyewe yalikuwa yamekwisha kugeuka kutoka kijivu hadi wekundu wa matofali. Ndege wa pili, aliyetoka wavu uleule, alikuwa bado wa kijivu, mkavu, hana mafuta ya kutaja. Nilidhani ni mgonjwa. Nikaambiwa hapana, ni mtoto wa mwaka jana, na huenda asiondoke mwaka huu.

Ndege huyu kwa kawaida huwa na uzito wa gramu 55 hivi, na akijiandaa kwa safari hupita gramu 80. Gramu moja ya mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya ile inayotoka katika gramu moja ya protini au wanga, na yakiungua hutoa pia maji, jambo la maana kwa kiumbe anayevuka jangwa bila kunywa. Lakini shehena hiyo ina gharama yake. Ndege mnene huchelewa kupaa, na kozi analijua hilo vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo mwili haujazwi mafuta mapema ukangoja tu; hujazwa katika majuma machache ya mwisho, na hapo ndipo uwezo wa kula haraka unapopima nani yuko tayari.

Kuhusu bawa, mlinganishe msafiri huyu na *Vanellus coronatus*, yule mwenye kofia nyeusi na nyeupe anayepiga kelele kwenye viwanja vya mpira na vya ndege bara. Huyu ana bawa pana lenye ncha ya mviringo, zuri kwa kuinuka ghafla na kuzunguka kiwanja, wala hana haja ya kwenda mbali. Msafiri wa Siberia ana bawa refu, jembamba, lililochongoka, ambalo hupunguza upotevu wa nguvu hewani katika safari ndefu. Na unyoya ukishakua ni kitu mfu, kama ukucha. Huchakaa kwa jua, chumvi na mchanga, na haurekebishiki ila kwa kupukutika na kuota mwingine. Wakubwa hubadili manyoya yao makubwa ya bawa hapa kwetu, kati ya Septemba na Februari, na kufikia Aprili wana bawa jipya. Mtoto aliyeanguliwa Julai alifika hapa kwa manyoya yaliyoota harakaharaka kwenye tundra, na wengi wao hawayabadili yote katika mwaka wa kwanza. Aprili ikifika, manyoya hayo yana miezi tisa, mingi yake ya jua la Ikweta.

Nawasilisha, na naomba michango, hasa kutoka kwa wanaoishi na ndege hawa kila siku.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho. Mimi nimevua na kusafirisha mizigo kati ya Mafia, Kilwa na delta ya Rufiji tangu ujana wangu, na ndege hao nawajua kwa macho ingawa siwajui kwa majina ya kitaalamu. Sisi tuliambiwa na wazee kwamba ndege hawa huletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi, sawasawa na majahazi ya Waarabu. Umesema mengi kuhusu bawa na mafuta, lakini upepo umeupitia kwa mbali. Chombo kiwe kizuri namna gani, bila upepo kinalala bandarini.

Jambo la pili: huku kwetu hao wanaobaki msimu wa kusi si wachache. Jana asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, niliwaona saba kwenye fungu moja. Je, wote ni watoto?

Kupwa na Kujaa

Shikamoo, mzee wangu. Nashukuru kwa swali la mtu anayejua bahari.

Kuhusu kurudi, wazee walikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Ndege wengi huondoka kati ya mwishoni mwa Aprili na Mei, kusi likianza kusukuma kuelekea kaskazini, na msafiri mwenye gramu 30 za mafuta hawezi kudharau msukumo wa bure. Ila kuhusu kuja, kalenda haikubaliani na usemi huo. Vitwitwi wakubwa huanza kuonekana kwetu mwishoni mwa Julai na Agosti, wakati kusi bado linavuma na majahazi ya zamani yalikuwa hayajafikiriwa kabisa kutoka Uarabuni. Kaskazi lenyewe hushika Desemba. Wanaruka juu sana, ambako pepo si lazima ziwe sawa na hizi zinazojaza tanga, na wanachagua tabaka lenye nafuu. Ningesema upepo huamua siku ya kuondoka, lakini mwili huamua msimu.

Tena angalia mpangilio wa kufika. Katika *Calidris ferruginea* dume halilalii mayai wala halilei watoto; likishapanda, kazi yake kule imekwisha, nalo hugeuza safari mapema Julai. Majike hufuata baadaye, na watoto, ambao hawajawahi kuiona njia, huja wa mwisho, wengi Septemba na Oktoba, bila mzazi wa kuwaongoza. Kama ni upepo ungewaleta, ungewaleta kwa pamoja.

Kuhusu wale saba, naomba unisaidie jambo. Ukipata nafasi ya kuwakaribia, angalia rangi ya kifua, kama ni kijivu tupu au kina mabaka mekundu, na uangalie ncha za mabawa, kama zimechakaa na kupauka.

Kuku wa Kienyeji

Wakuu, mimi ni muuza kuku, na katika kichwa cha uzi nimeona neno firigisi, lakini ndani ya maelezo limetajwa mara moja tu bila kuelezwa. Mwanzisha uzi atuombe msamaha. Firigisi ya ndege inahusiana vipi na safari? Kwa uzoefu wangu firigisi ni firigisi, tofauti ninayoijua ni kwamba ya kuku wa kienyeji ni kubwa na ngumu kuliko ya kuku wa kisasa.

Kupwa na Kujaa

Ndugu yangu, nimekubali kosa, na wewe mwenyewe umeshatoa nusu ya jibu. Kuku wa kienyeji anameza punje nzima, changarawe na wadudu wenye magamba, hivyo firigisi yake inafanya kazi ya kinu. Wa kisasa anakula chakula kilichosagwa, na msuli usiotumika haukui. Sasa mchukue ndege ambaye anaweza kuugeuza mwili wake kutoka hali moja hadi nyingine ndani ya juma moja hivi, kisha akaurudisha.

Huyo ni *Calidris canutus*, ndege wa matope mwenye ukubwa wa karibu mara mbili ya kitwitwi wetu. Hana meno wala hana mdomo wa kupasulia. Humeza chaza wadogo wazimawazima pamoja na gamba, na firigisi ndiyo inayowaponda. Akipewa chakula kigumu firigisi yake hutanuka, akipewa laini hupungua, na watafiti wa Uholanzi wamelipima jambo hilo kwa ndege walio hai kwa kutumia mashine ya mawimbi ya sauti, ileile inayotumika kwa wajawazito. Kabla ya kuruka safari ndefu, firigisi hupunguzwa na misuli ya kidari huongezwa. Ni kama fundi aliyeacha kinu nyumbani ili abebe petroli.

Anayefika mbali zaidi katika hili ni *Limosa lapponica*, ambaye hata kwetu huonekana kwa uchache akiwa na mdomo mrefu uliopinda kidogo kwa juu. Jamii ya Alaska huvuka Bahari ya Pasifiki hadi New Zealand na Australia bila kutua popote, maana hawezi kutua baharini. Mwaka 2022 mmoja aliyefungwa kifaa cha setilaiti, akiwa na umri wa miezi mitano hivi, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania kilomita 13,560 kwa siku 11. Siku kumi na moja bila kula, bila kunywa, bila kukunja bawa. Kabla ya hapo, watafiti walikuwa wamewachunguza ndege wa jamii hiyo waliokufa kwa kugonga kuba la rada huko Alaska wakiwa ndiyo kwanza wanaondoka: mafuta yalikuwa asilimia 55 ya uzito wao, na firigisi, maini, figo na utumbo vilikuwa vidogo kupita kiasi. Mtu angeweza kuwahesabu kuwa wagonjwa kwa kutazama matumbo yao peke yake, kumbe walikuwa tayari kwa safari kuliko kiumbe yeyote.

Gharama yake huonekana wanapotua. Ndege aliyefika na firigisi ndogo hawezi kuanza mara moja na chaza wenye gamba nene. Anahitaji siku kadhaa za vyakula laini. Ndiyo maana katika ghuba ya Delaware, Marekani, canutus wanaotoka Amerika ya Kusini hutua Mei wakati viumbe wa kale wa bahari wenye gamba la umbo la kwato wanapotaga kwa mamilioni mchangani: mayai laini, yenye mafuta, yasiyohitaji kinu.

Mwalimu wa Biolojia

Naomba kuchangia, kwa kuwa uzi umegusa somo ninalofundisha kidato cha nne, na mifano ya vitabuni mwetu kuhusu mabadiliko ya kimaumbile mingi ni ya nyangumi na ngamia, wakati mfano bora unatembea ufukweni.

Kwanza nina swali la kumtega mwanzisha uzi. Umesema watoto wa mwaka wa kwanza hubaki kwa sababu ya manyoya yaliyochakaa na mafuta haba. Kisha umetuletea mtoto wa miezi mitano aliyevuka Pasifiki. Mambo haya mawili yanapatanaje?

Pili, kuhusu mdomo. Hapa ndipo penye utajiri, na sijaona ukipaeleza. Sululu, kwa mfano, wale wakubwa wenye mdomo uliopinda kama chombo cha kuchimbia chenye jina hilohilo, huuingiza mdomo huo kwenye shimo la kaa mwenye gando moja kubwa na kuufuata mkunjo wa shimo. Vitwitwi wenye mdomo mfupi na macho makubwa hawachimbi. Husimama, hutazama, hukimbia hatua chache, hudonoa. Wenye mdomo mrefu na mwembamba huchokoa bila kuona, kwa sababu ncha ya mdomo imejaa vishimo vidogo vyenye neva, na canutus anaweza kutambua chaza aliyefukiwa kabla hata ya kumgusa, kwa msukumo wa maji kati ya chembe za mchanga. Mtu akisema ndege hawa wote "wanakula matopeni", amesema kitu kidogo sana.

Sasa linaloingia moja kwa moja katika mada ni kwamba mdomo huwagawa hata ndege wa aina moja kwenye ramani. Katika Amerika kuna *Calidris mauri*, ndege mdogo wa gramu 30 au pungufu, ambaye jike lake lina mdomo mrefu kuliko dume. Wakati wa majira ya baridi ya kaskazini madume hubaki zaidi upande wa kaskazini wa eneo lao na majike hushuka zaidi kusini. Maelezo mojawapo ni kwamba katika joto viumbe wa matopeni hujizika chini zaidi, na mwenye mdomo mrefu ndiye anayewafikia.

Kupwa na Kujaa

Mwalimu, mtego wako ni wa haki, na nimeufurahia.

Safari ya kwanza ya mtoto, ya kuja kusini, ni ya lazima. Akibaki kaskazini, theluji itafunika chakula naye atakufa. Na wakati huo manyoya yake, hata kama si imara kama ya mkubwa, bado ni mapya. Safari ya kurudi ni ya hiari. Hakuna kinachomfukuza kwetu Aprili: matope yapo, joto lipo. Faida ya kurudi ni kuzaa tu, na mtoto wa mwaka mmoja ana nafasi ndogo ya kupata mwenza na eneo. Akipima hatari ya safari kwa bawa bovu na mafuta haba dhidi ya faida hiyo ndogo, kubaki ndiyo biashara yenye faida. Hata jamii ya yule aliyevuka Pasifiki hufanya hivyohivyo: watoto hukaa kusini miaka miwili au zaidi kabla ya kurudi Alaska kwa mara ya kwanza. Kwa ujumla ndege wakubwa wa matopeni, sululu wakiwamo, huchelewa kuliko wadogo. Ndiyo sababu mtu akitembea ufukweni kwetu Juni, nafasi ya kumkuta sululu ni kubwa.

Kuhusu mdomo na joto, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ambao mimi huurudia kila nikipata msikilizaji. Ulihusu canutus wanaotaga Taimyr na kukaa majira ya baridi Banc d'Arguin, pwani ya Mauritania. Theluji ya Taimyr imekuwa ikiyeyuka mapema mwaka hadi mwaka, wadudu wakafika kilele kabla vifaranga hawajaanza kula vizuri, na katika miaka yenye joto vifaranga wakakua wakiwa na miili midogo na midomo mifupi. Huko Taimyr kwenyewe usingeona tatizo. Tatizo lilionekana kilomita maelfu mbele, kwenye matope ya Mauritania, ambako chakula kikubwa ni chaza mdogo aitwaye *Loripes*. Ndege mwenye mdomo wa milimita 40 aliweza kufikia theluthi mbili ya chaza hao. Mwenye milimita 30, theluthi moja tu. Waliobaki juu hawakuwatosha, wakaishia kula mizizi ya nyasi za bahari, na wenye midomo mifupi walikufa zaidi katika mwaka wa kwanza. Tena *Loripes* mwenyewe si chakula kitamu, ana salfa inayomharisha ndege akila kupita kiasi; kwa hiyo hata mwenye mdomo mrefu hali bila kujizuia.

Maskati Kwetu

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Maskati, na nimeona ndege mmoja muhimu kwa pande zetu zote mbili amesahauliwa: yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu-samawati na mdomo mnene mweusi kama jambia fupi, ambaye kazi yake ni kula kaa. Kitaalamu anaitwa *Dromas ardeola*. Sisi huku tunamwona Barr al Hikman, ambako matope yamejaa mamia ya maelfu ya ndege wa pwani majira ya baridi. Nikiwa likizo kwa shangazi yangu Watamu nilimkuta tena, nikahisi nimekutana na jirani ugenini.

Huyu hafuati hesabu ya Siberia hata kidogo. Hutaga Aprili hadi Agosti, katika visiwa vya Ghuba, Bahari ya Shamu na pwani ya Uarabuni hadi Somalia, wakati ambapo huku kwetu mchanga unaunguza soli ya kiatu. Je, mwili wake umeumbwaje hata achague kipindi hicho cha kutaga?

Kupwa na Kujaa

Wa alaykum salaam, ndugu. Umemleta mgeni rasmi.

Mdomo huo mnene una kazi mbili. Ya kwanza ni kuvunja kaa. Ya pili ni kuchimba. Ndege huyu huchimba shimo mchangani, refu kupita mita moja, na chini huko hutaga yai moja jeupe. Weupe wenyewe ni ushahidi, kwa kuwa ndege anayetaga gizani hana haja ya yai lenye madoa ya kujificha. Ndani ya shimo joto halipandi na kushuka kama juu, nalo liko karibu na lile linalohitajika na yai, kwa hiyo mchanga unaokuunguza wewe unamsaidia mzazi kulalia, naye anaweza kuliacha yai kwa muda mrefu akaenda kutafuta kaa. Angetaga majira ya baridi, angepoteza jiko hilo la bure. Kwa hiyo safari yake hufungwa na mambo mawili ya mwili, mdomo unaohitaji mchanga wa kuchimbika na yai linalohitaji joto la ardhini, na ndiyo sababu idadi ya mahali anapoweza kutaga ni ndogo.

Akimaliza, hushuka kwetu hadi Kenya, Tanzania na Madagaska. Mtoto huja na mzazi, tofauti kabisa na wale wa Siberia niliowataja, kwa sababu kuvunja kaa ni ufundi usiojifunzwa kwa siku moja. Pale Mida nimemwona kijana mkubwa sawa na mama yake, ameinamisha kichwa, analia kwa sauti nyembamba akifuata nyuma hatua kwa hatua, mama ananyofoa gando la kaa, analitupa, anamkabidhi kilichobaki. Miezi mingi baada ya kutoka shimoni, bado analishwa.

Kuku wa Kienyeji

Gando analitupa? Huyo ni tajiri.

Nahodha Mstaafu

Wanangu, nimetoka pwani sasa hivi. Leo ni bamvua, maji yamekupwa mbali sana, nikaenda kwa miguu na mjukuu wangu mwenye macho mazuri. Hawakuwa saba tena, walikuwa tisa. Sita ni wale wadogo wenye mdomo uliopinda kidogo, na watatu ni sululu. Tuliwakaribia hadi kama hatua thelathini.

Watano kati ya wadogo ni kijivu tupu juu, chini weupe. Mjukuu wangu anasema ncha za mabawa zimekwaruzika kama ufagio wa zamani, na mmoja alikuwa amesimama amefungua bawa, unyoya mmoja katikati haupo na mwingine mfupi unaota. Wa sita ana mabaka mekundu kifuani, machache, kama mtu aliyeanza kupaka rangi ukuta akaishiwa. Huyo ni mgonjwa?

Kupwa na Kujaa

Mzee wangu, mpe mjukuu wako pongezi zangu, ameona nilichoshindwa kukiona kwa miaka miwili ya kwanza.

Wale watano wa kijivu ni watoto waliofika mwaka jana; na yule mwenye pengo bawani yuko katikati ya kubadili manyoya, kazi ambayo ndege wa kusafiri asingethubutu kuianza sasa. Wa mabaka mekundu si lazima awe mgonjwa. Mwili wake ulianza maandalizi, homoni zikaanza kubadili rangi ya manyoya, lakini mafuta hayakufika kiwango cha kuondokea, au aliona bawa halimtoshi, akaacha. Yaelekea ni wa mwaka wa pili. Akivuka salama hadi Machi ijayo atakuwa na bawa jipya lote, na ukimwona mwishoni mwa Aprili kifua chake kitakuwa chekundu kizima.

Nahodha Mstaafu

Basi nitamngoja. Mjukuu anasema ana pete ya chuma mguu wa kulia, ila maandishi hayakusomeka kwa mbali. Kesho tunakwenda tena na darubini ya jirani.